Triga mpya haishiki, hairudi au inafyatua yenyewe: kutafuta kasoro kwenye bunduki ya bolti

Mtu akibadilisha triga ya bunduki yake ya kuwindia, simu anayonipigia wiki ya pili huanza hivi: "Fundi, ile triga uliyonisifia ni mbovu." Nikiifungua mezani, mara nyingi triga yenyewe haina kosa. Kosa ni kitako kilichovimba, grisi iliyoganda, skrubu iliyozungushwa na mtu asiyejua inafanya nini. Kwa hiyo nimepanga malalamiko ninayoyasikia tena na tena, dalili kwa dalili, nikianza na sababu inayotokea sana na kumalizia na ile ya nadra.

Ninazungumzia bunduki za bolti tu, yaani zile ambazo chuma cha kufungia chemba (bolti) kinavutwa na kusukumwa kwa mkono kila mlio: Remington 700 na zile zilizojengwa kwa mfano wake, Mauser 98 na wajukuu zake, CZ 550. Ndizo zinazopita mikononi mwangu, za wawindaji wenye leseni wanaokwenda kwenye ranchi za kandokando ya Ziwa Mburo, bonde la Kafu, au vumbi la Karamoja. Bunduki inayojikoki yenyewe ina hesabu nyingine kabisa, na bunduki ya serikali haiguswi na mtu wa nje.

Kuhusu sheria nitasema kidogo. Hapa Uganda silaha zinasimamiwa na Sheria ya Silaha za Moto ya 1970, na leseni yako iko mikononi mwa polisi. Kabla ya kununua triga, muulize afande wa ofisi ya leseni iwapo unaruhusiwa kuibadilisha na nani afanye kazi hiyo. Tena mwaka 2018 Rais aliagiza bunduki zote zichukuliwe alama, kama mtu anavyochukuliwa alama za vidole. Kinachoitambulisha bunduki ni mikwaruzo ambayo mtutu unaiacha kwenye kichwa cha risasi, na shimo ambalo pini ya kupiga inaliacha kwenye fataki, kile kifuniko kidogo kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti. Triga haigusi hayo mawili. Fundi akikwambia "hebu tunoe na pini kidogo", chukua bunduki yako uondoke.

Maneno machache ili tuelewane. Sia ni kile chuma kidogo ndani ya triga kinachokamata kichwa cha pini ya kupiga bunduki ikiwa imekokiwa, yaani ikiwa tayari kupiga. Ukivuta triga, sia inaachia, pini inaruka mbele na kugonga fataki. Sefti ni kitufe cha usalama. Kilinda triga ni ule upinde wa chuma unaozunguka triga kwa chini.

Kabla ya kugusa chochote

Toa magazini. Fungua bolti. Tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole kidogo uhakikishe. Halafu toa risasi zote katika chumba hicho, hata zile za mfukoni, ukazifungie chumba kingine. Kwa vipimo tumia risasi bandia zilizotengenezwa kwa mazoezi. Risasi nzima hata moja isiwe mezani, kwa sababu ukiwa umejaribu mara thelathini, akili huchoka na mkono huokota chochote kilicho karibu.

Na mdomo wa mtutu uelekee mahali ambapo risasi ikitoka kwa bahati mbaya itaishia kwenye udongo. Ukuta wa matofali unaotutenganisha na jirani si udongo.

Dalili ya kwanza: unafunga bolti lakini haikoki

Hili ndilo lalamiko namba moja. Unasukuma bolti mbele, inaingia laini mno bila ule uzito wa mwisho unaouzoea, na ukivuta triga hakuna mlio. Pini imeteremka pamoja na bolti kwa sababu sia haikuikamata.

Anza na kitako, usianze na triga. Fungua skrubu zinazoshika kitako, inua chuma utoke kwenye mbao, kisha koki bunduki ikiwa hivyo, tupu, bila kitako. Ikishika vizuri, umekwisha kupata jibu: kitako au kilinda triga kinaibonyeza triga mpya. Kasha la triga za kununua mara nyingi ni nene kidogo kuliko la kiwandani, na nafasi iliyochongwa kwenye mbao ilipimwa kwa lile la zamani. Paka wino au masizi ya mshumaa kwenye kasha, rudisha kitako, kaza, fungua tena. Mahali masizi yalipobaki kwenye mbao ndipo panapogusana. Punguza hapo kwa msasa, kidogo kidogo, huku ukijaribu kila mara.

Hapa kwetu jambo hili lina sura ya pili ambayo maelekezo ya Marekani hayaitaji. Mbao hunywa unyevu. Bunduki iliyofungwa vizuri mwezi wa Januari, kiangazi, inaweza kuanza kugoma Aprili mvua zikishanyesha wiki tatu mfululizo, hasa ikiwa sehemu ya ndani ya kitako haikupakwa vanishi. Nilishapokea bunduki moja iliyorudi kutoka kuwinda nzohe kwenye mafunjo, siku nne ndani ya mtumbwi na matope, na mwenyewe anaapa triga imekufa. Niliikausha kivulini siku tano, ikashika. Kisha nikaipaka ndani ya kitako mafuta ya mbao, tabaka tatu, na nikapanua nafasi ya triga kwa unene wa karata. Usiikaushe juani wala karibu na sigiri; mbao itapasuka na hutapata kitako kingine kirahisi.

Ikiwa hata bila kitako haikoki, sababu ya pili ni uchafu. Grisi nzito, au mafuta ya kupikia (ndiyo, nimeyakuta), yamegandisha sia isirudi juu kwa haraka. Osha triga kwa petroli nyepesi ya kujazia viberiti, iache ikauke kabisa, usiongeze mafuta. Watengenezaji wengi wa triga wanataka ziwe kavu ndani. Mafuta yakikutana na vumbi la Karamoja yanageuka kuwa kama msasa.

Sababu ya tatu ni skrubu ya mshiko wa sia. Inaamua sia inashika kwa upana gani, na kwenye bunduki ya kuwindia upana huo ni karibu nusu milimita tu. Kiwanda huipima, huifunga na kuipaka rangi. Ukiona rangi imevunjika, mtu ameigusa. Usijaribu kuirudisha kwa kubahatisha. Mpelekee fundi mwenye vipimo.

Ya nne, ya nadra: umenunua triga isiyo ya bunduki yako. Mauser zinafanana kwa mbali, lakini za nchi moja na za nchi nyingine zinapishana, na kichwa cha pini kilichobadilishwa zamani na mwenye bunduki wa kwanza kinaweza kuwa kifupi. Hapo hakuna dawa ya nyumbani.

Dalili ya pili: inafyatua bila triga kuvutwa

Inafyatua ukifunga bolti kwa nguvu. Au kitako kikigonga chini. Au, mbaya kuliko zote, ukiondoa sefti.

Ukiiona dalili hii mara moja, hata kama mara mia nyingine haikutokea, bunduki haitoki nyumbani tena. Usiseme "nitakuwa mwangalifu." Toa bolti, ifungie mahali pake, na bunduki mahali pake.

Unaweza kutafuta sababu bunduki ikiwa tupu, lakini kuitengeneza si kazi yako. Inayotokea sana ni mtu aliyelegeza skrubu ya uzito (ile inayoamua triga ivutwe kwa nguvu kiasi gani) na kupunguza mshiko wa sia ili triga iwe "laini kama ya mashindano". Inafuata takataka: chembe ya mchanga au unyuzi wa kitambaa cha kusafishia umeingia kati ya sia na triga, na vyuma viwili vinavyopaswa kukutana kikamilifu vinakutana kwa ncha. Halafu gundi ya skrubu iliyozidi.

Juu ya gundi nikae kidogo. Remington walitengeneza triga waliyoiita X-Mark Pro kuanzia Mei 2006. Aprili 2014 wakawaita wateja wote wazirudishe, kwa sababu gundi iliyotumika kiwandani wakati wa kuziunganisha iliweza kuwa nyingi kupita kiasi, na bunduki ikaweza kufyatua bila kuvutwa. Hicho ni kiwanda kikubwa, chenye mashine na wakaguzi. Sasa fikiria mtu wa Ntinda usiku, taa ya simu mdomoni, akimimina gundi kwenye skrubu ya milimita tatu. Ukiwa na bunduki ya Remington 700 iliyonunuliwa miaka hiyo na triga yake ya kiwandani bado imo, ipeleke ikaguliwe kabla ya safari nyingine, hata kama haijawahi kukusumbua.

Kama ni lazima uzuie skrubu ya nje isilegee, tone moja la rangi ya kucha juu ya kichwa chake linatosha. Juu, si kwenye nyuzi zake.

Wenye CZ 550 wana jambo la ziada. Triga yake ya kiwandani inasukumwa mbele ili iwe nyepesi sana kwa mlio mmoja. Baadhi ya malalamiko ya "inafyatua yenyewe" yanatoka kwa mtu aliyeisukuma mbele akiwa bado anatembea. Hiyo haisukumwi mpaka mnyama awe kwenye darubini. Ukiibadilisha na triga ya kawaida, tabia ya kidole nayo ibadilishe.

Dalili ya tatu: sefti haiendi, au inaenda na haishiki

Sefti ngumu isiyofika mwisho karibu daima ni mbao inayogusa mkono wake. Tumia masizi kama nilivyoeleza juu. Ikiwa ni Mauser na triga mpya ina sefti yake ya pembeni, kitako cha zamani hakina nafasi ya mkono huo. Lazima kichongwe, na kichongwe na mtu anayejua kushika patasi. Kwa wale waliobakiza ile sefti ya asili ya bawa, iliyo nyuma ya bolti: bawa hilo linafanya kazi kwa kuvuta kichwa cha pini nyuma kidogo. Sia mpya ikikishika kichwa hicho mbele kuliko ya zamani, bawa halitageuka. Fundi anaweza kulilinganisha. Wewe usilipige nyundo.

Sefti inayogeuka vizuri lakini haishiki haionekani kwa macho, na ndiyo inayoua. Ipime hivi, bunduki tupu: koki, weka sefti, vuta triga kwa nguvu mara tatu, achia kidole kabisa. Sasa ondoa sefti bila kugusa triga. Pini isiruke. Baada ya hapo vuta triga, sasa iruke. Rudia mara ishirini. Ikishindwa mara moja kati ya ishirini imeshindwa, rudi kwenye dalili ya pili.

Watu wengi huishia kwenye kuvuta triga sefti ikiwa imewekwa, wanaona haifyatui, wanaridhika. Kosa linajificha kwenye hatua inayofuata, pale triga iliyovutwa haikurudi mahali pake na sefti ndiyo pekee inayozuia pini.

Dalili ya nne: triga hairudi mbele

Tazama kama triga inasugua ukingo wa tundu la kilinda triga. Ikisugua, kilinda kimekaa upande. Legeza, kisogeze, kaza. Kama sivyo, ni uchafu: osha kama hapo juu. Kama sivyo tena, springi ya uzito imelegezwa mpaka haina nguvu ya kusukuma. Zungusha skrubu ya uzito kuelekea ndani robo mzunguko kwa mara moja, ukifuata karatasi iliyokuja na triga. Skrubu hii, ya uzito, ndiyo pekee ninayomruhusu mwenye bunduki aiguse, na kwa sharti aijue kwa hakika kati ya skrubu za triga.

Dalili ya tano: leo nyepesi, kesho nzito

Kwanza, unapimaje? Kuna jamaa aliniletea vipimo alivyovipata kwa ile mizani ya kulabu wanayopimia sato mwaloni. Mizani ya kilo hamsini haiwezi kukupa jibu la gramu mia. Tafuta mizani ya triga, au mizani ndogo ya kulabu ya kielektroniki inayosoma gramu, vuta mara kumi mahali palepale kwenye triga, andika zote. Zikipishana kwa gramu mia moja hivi, hakuna ugonjwa. Zikipishana nusu kilo, upo.

Ugonjwa huo kwa kawaida ni kasha lililolegea. Kwenye Mauser, kasha linashikwa na pini moja na skrubu inayolisukuma dhidi ya chuma cha bunduki. Nati yake ikilegea, kasha zima linacheza na kila mvuto ni tofauti. Shika triga kwa vidole utikise. Ikichezacheza pamoja na kasha, kaza kwa kufuata karatasi. Bunduki inayosafirishwa kwa boda boda au nyuma ya gari kwenye barabara za marram hulegea mapema. Ikague kila baada ya safari.

Watu huniuliza uzito gani ni sawa. Kwa kob au impala, kwa utulivu, kilo 1.2 hadi 1.5 zinatosha. Kwa bunduki ya nyati sishuki chini ya kilo 1.5, na nikiambiwa mbili sibishi. Mbele ya nyati mikono inatetemeka, vidole vimejaa jasho, na pembeni yako kuna askari wa wanyamapori ambaye ana watoto.

Kama triga inakwaruza au kusogea kwa hatua hatua kabla ya kuachia, usimpe mtu mwenye tupa. Mafundi wa Katwe wanaweza kukutengenezea sigiri, geti na kipuri cha mashine ya kusaga, nawaheshimu, lakini uso wa sia mara nyingi umegandishwa ugumu kwa tabaka jembamba tu. Mipigo miwili ya tupa inaondoa tabaka hilo. Triga itakuwa tamu kwa wiki chache, kisha chuma laini kilichobaki kitaisha, na utakuwa umerudi dalili ya pili bila kujua.

Dalili ya sita: inalia "ka", risasi haitoki

Ukiwa uwanjani: usifungue bolti. Weka mdomo wa mtutu kwenye shabaha, hesabu dakika nzima. Baruti inaweza kuchelewa kuwaka.

Kisha toa risasi, tazama fataki. Shimo la kina kama la risasi nyingine zilizolia: lawama ni ya risasi, labda imekaa kwenye unyevu. Shimo dogo au hakuna: kuna kitu kinaipunguzia pini mwendo. Grisi ndani ya bolti huongoza. Inafuata kichwa cha pini kinachokwaruza juu ya kasha jipya. Utaona mstari unaong'aa kwenye chuma. Grisi unaweza kuiosha. Mstari unaong'aa ni wa fundi.

Dalili ya saba: bolti inachomoka yote, au haitoki

Umesahau springi ya kizuizi cha bolti, au umeirudisha kinyume. Ni ndogo na hurukia gizani pini za triga zinapotolewa. Fanyia kazi ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha.

Dalili ya nane: bunduki haipigi tena pale ilipopiga

Triga imebadilika, darubini haikuguswa, lakini risasi zinatua kiganja kimoja kushoto. Ulipofungua kitako ukakirudisha, skrubu zimekaza kwa nguvu tofauti na mwanzo. Fuata namba za mtengenezaji kwanza. Asipotoa namba, kitako cha mbao tupu hukazwa karibu Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 4 hadi 5, chenye kitanda cha alumini karibu Nm 7, kwa bisibisi yenye kipimo. Kaza ya mbele kwanza, bunduki ikiwa imesimama wima juu ya kitako chake, halafu ya nyuma. Baada ya hapo lenga upya, hakuna njia ya mkato.

Vipimo vya mwisho kabla ya risasi ya kweli

Bunduki tupu, imekokiwa, sefti imeondolewa. Funga bolti kwa nguvu mara ishirini. Kisha ishike wima, mtutu juu, uiachie kitako kiangukie zulia nene la mpira kutoka sentimita 30. Ni urefu uleule wa inchi 12 ambao watengenezaji wa Marekani hutumia kwa kipimo hiki. Fanya mara kadhaa, kisha kipimo cha sefti nilichokieleza, mara ishirini nyingine. Ikipita yote, nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa na uweke risasi moja moja. Usijaze magazini mpaka kumi za kwanza zimetoka bila tatizo.

Triga ya zamani usiitupe wala usimuuzie mtu. Ifunge kwenye mfuko pamoja na pini na springi zake, andika namba ya bunduki juu yake, iweke kwenye sanduku lilelile lenye kufuli. Siku bunduki itakapokwenda kukaguliwa au kuuzwa, fundi wa upande wa pili atauliza iliko.